Nguo Isiyo na Mgongo

Fundi alishona nguo yake ya kuzikiwa mchana kweupe, mlango wazi, redio ya jirani ikipiga kelele za mpira. Hakujificha. Alikata kitambaa cheupe alichokuwa amekiweka akiba kabatini, akakikunja, akakipitisha kwenye cherehani taratibu, mguu ukikanyaga na kupumzika, kwa sababu tumbo lilikuwa linamvuta upande mmoja.

Nguo ya maiti hushonwa tofauti na nguo nyingine. Mbele inakamilika: kola, mikono mirefu, vifungo vya urembo. Nyuma hakuna kitu. Huachwa wazi kuanzia shingoni mpaka chini, ikabaki na kamba mbili za kufungia, maana aliyekufa hainui mikono akavishwa. Anafunikwa kwa mbele, pembe zinachomekwa chini ya mbavu, basi, na anayekuja kumtazama anaona amependeza. Mtaa mzima ulizikwa na nguo za Fundi. Watu walimtania kwamba kufa bila kupitia kwake ni kufa ovyo, na yeye utani huo alikuwa akiucheka mpaka machozi. Siku hizo alikuwa hajaambiwa chochote na daktari.

"Mama, hiyo ya nani?" binti yake akauliza, akiingia na kipande cha sabuni mkononi.

"Ya mteja."

"Mteja gani?"

"Mteja ambaye hatarudi kulalamika kwamba imembana."

Binti aliitazama nguo, akamtazama mama yake, akairudia nguo. Alikuwa msichana mkubwa, amemaliza shule juzi juzi, na amekulia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Vipimo vya watu alivijua kwa macho. Aliona upana wa mabega. Aliona urefu wa mikono. Aliiweka sabuni juu ya meza, akaenda uani, akawasha jiko ambalo halikuwa na haja ya kuwashwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tumboni mwa Fundi mlikuwa na uvimbe, na uvimbe huo ulikuwa unakua. Daktari, mama mmoja mwenye miwani na maneno machache, alimwambia bila kuzungusha: ukiachwa utammaliza, ukitolewa kuna hatari kwa kuwa moyo wake haukuwa na nguvu, lakini nafasi ya kupona ipo na yeye daktari yuko tayari. Fundi akakataa. Dada yake mkubwa aliwahi kuingia kwenye chumba cha upasuaji kwa miguu yake mwenyewe, akitania wauguzi, akatolewa na shuka usoni. Tangu siku hiyo Fundi hakuweza kupita mbele ya lile jengo bila kuvuka barabara.

Kwa hiyo alikataa kupasuliwa kwa kuogopa kufa, akarudi nyumbani kushona nguo ya kufia. Ukiona ajabu, jua hujawahi kuogopa. Hofu ilimjia kama mgeni wa siku mbili, mwenye mkoba mdogo tu. Kabla hajageuka, mgeni akawa ameleta na kitanda. Alipolala, aliweka vidole viwili shingoni kusikiliza kama mshipa bado unapiga. Alipoomba, na aliomba sana maana kanisani alikuwa mtu wa siku zote, sala yake nzima ilikuwa imebaki neno moja: bado. Bado, Bwana. Bado.

Wateja nao walikuwa wamepata habari. Walikuja kwa upole mwingi kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Mama mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake alisema harusi imeahirishwa, akaondoka na kitambaa kwapani, na kesho yake binti wa Fundi akakiona kinaning'inia kwa fundi wa mtaa wa pili, kikiwa kimeshapata mikono. Hakumwambia mama yake. Lakini mama alijua, kwa jinsi binti alivyorudi na kuanza kufagia mahali palipofagiwa.

Wifi alikuja na chupa ya juisi.

Huyu alikuwa dada mkubwa wa mume wake, mhudumu wa mlangoni kanisani, mwenye kuwaonyesha watu viti na kuwanyooshea watoto kidole. Katika undugu wao wote hakuwahi kumletea Fundi hata maji ya kunywa. Sasa alikaa ukingoni mwa kochi, mikono mapajani, akateremsha sauti.

"Wifi yangu, umekonda jamani."

"Ongea kwa sauti, wifi. Ninaumwa tumbo, si masikio."

"Nimezungumza na wanakwaya. Nimewaambia wakae tayari."

"Tayari kwa nini?"

"Kwa... lolote tu. Si unajua mambo ya watu hayaendi bila mipango." Macho yake yakatembea chumbani, yakafika kwenye cherehani, yakatua. "Hii kitu ikikaa bila mafuta inaganda. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu mashine nzuri kama hii inataka mtu wa kuiangalia."

"Inaye."

"Eh, ninajua." Wifi alivuta pumzi, akaingia kwenye lililomleta. "Lakini na wewe, imani yako iko wapi? Tumekuombea, tumefunga, tumekesha. Mungu hashindwi. Mimi ningekuwa wewe, uvimbe huo ungeshayeyuka. Kama bado upo, basi kuna mahali umelegea. Jichunguze."

Fundi aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na kosa, akasema ahsante kwa juisi. Wifi alipoondoka, alibaki pale pale akijichunguza kweli, akipekua maisha yake tangu usichana kutafuta mahali alipolegea, na kila alipogusa palionekana pamelegea. Aliumia kuliko alivyoumizwa na uvimbe.

Jioni mumewe alirudi kutoka kazini. Alikuwa mwashi, mtu wa mwili mkubwa na maneno ya kuhesabu, na saruji ilikuwa imemkauka miguuni mpaka magotini. Alinawa uani kwa muda mrefu. Alipoingia ndani alisema akiwa bado anajifuta, ili asilazimike kumtazama mke wake usoni.

"Daktari amepiga simu tena. Anasema wiki hii anaweza kukuingiza."

"Sitaki."

"Mama watoto..."

"Nimesema sitaki. Dada yangu aliingia mle anacheka."

"Najua alivyoingia. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyembeba kumtoa mochwari."

Halafu akaiona nguo. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na upepo wa dirishani ulikuwa unaipuliza kwa ule upande wake wazi. Mwashi hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa amewaona wengi wakivishwa nguo za namna ile. Aliikamata pindo, akaiachia, akakaa chini sakafuni na taulo lake.

"Umeishona kwenye cherehani niliyokununulia mimi," alisema. "Mimi nilikununulia hii mashine ujishonee hii?"

"Wewe si umeshaanza kujizoeza? Unalala kwenye kochi."

"Najizoeza nini?"

"Kulala peke yako."

Mwashi alinyanyua uso, na Fundi akaona kwamba mume wake analia, mtu ambaye hata kwenye msiba wa mama yake mzazi alitoka nje kwanza.

"Nalala kwenye kochi kwa sababu wewe ukishika shingo yako na kuanza kuhesabu mapigo, na mimi nahesabu. Huku nimefumba macho, nahesabu. Ukinyamaza kidogo, moyo wangu unasimama. Asubuhi nakwenda kupanda jukwaa la ghorofa miguu inatetemeka kama mlevi. Msimamizi ameshaniambia nikitetemeka tena nibaki chini nichanganye zege na vijana." Alijifuta kwa taulo la miguu. "Hujafa, mke wangu. Hujafa, lakini humu ndani tumekufa wote watatu."

Fundi alitaka kumshika bega. Mkono ulikataa kwenda. Alikuwa mbali, huko alikokuwa na mgeni wake.

Muuza mkaa alikuja kesho yake asubuhi, na yeye hakuteremsha sauti.

"Hodi humu! Nimeleta gunia, na usiniambie huna nafasi ya kuliweka, jikoni kwako napajua!"

Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa mkaa mpaka kwenye kucha, shingo nene kwa kubeba. Mjane. Mtoto wake wa pekee, kijana mzima, alikuwa amefariki kwa homa iliyochukuliwa kuwa ndogo, na aliyemshonea nguo ya mwisho alikuwa Fundi, bure, usiku kucha. Binti alimpokea gunia. Muuza mkaa akageuka amsalimie mgonjwa, na macho yake yakafika nyuma ya mlango.

"Hiyo ya nani?"

Binti alitazama chini.

"Yangu," Fundi akasema kutoka kitandani. Kitanda kilikuwa kimehamishiwa chumba cha mbele apate hewa.

Muuza mkaa aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Unakumbuka ulichoniambia siku ile?"

"Nilikuambia mengi, dada yangu. Siku ya msiba watu husema mengi."

"Usinizungushe. Ulikaa kitandani pangu ukamvisha mwanangu kwa mikono yako, maana mimi nilikuwa siwezi. Ulipomaliza ukanigeukia ukasema: mama, nimeuacha mgongo wazi kwa sababu haendi kukaa na nguo hii. Bwana wetu alitoka kaburini akaviacha vitambaa vyake pale pale, na huyu naye ataviacha. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Basi mimi niliamka kesho yake kwa neno hilo. Nilibeba gunia kwa neno hilo. Watu waliniona nauza mkaa wiki ile ile wakasema mwanamke huyu ana roho ya chuma. Roho ya chuma nitoe wapi? Nilikuwa na neno lako, basi." Alisimama, akaiendea ile nguo, akaikamata kifuani kwa mkono wote, vidole vitano vya masizi kwenye kitambaa cheupe. "Sasa nakuuliza, na unijibu kama mtu mzima. Ulikuwa unanibembeleza tu? Kama ndivyo, niambie leo. Niende nikamlilie mwanangu upya, maana sikumlilia vizuri. Nilijua nitamwona."

Fundi aliitazama ile nguo mkononi mwa mwenzake.

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, nilikubembeleza. Alilitafuta jibu hilo ndani yake na hakulipata. Alikumbuka kwamba siku ile alisema kwa wepesi, kama mtu anayetoa kitu asichokihitaji yeye mwenyewe, kwa sababu maiti ilikuwa ya mwingine na yeye alikuwa mzima wa kutafuna mifupa. Lakini hakusema uongo. Alisema alichokiamini tangu akiwa mtoto wa miguu mitupu kwenye benchi la mbele. Na neno lile, alilolitoa kwa wepesi vile, lilikuwa limembeba mwanamke huyu na magunia yake yote, kiangazi na masika, mpaka mlangoni hapa. Uongo usingebeba gunia hata moja.

"Si uongo," alisema.

"Sikusikii."

"Si uongo!" Fundi aliketi kitandani, na tumbo likamchoma, akaliacha lichome. "Alifufuka. Kaburi lilibaki tupu, na mwanao utamwona. Na mimi..."

"Na wewe nini?"

"Na mimi sitabaki humo."

"Haya. Sasa unaogopa nini?"

Fundi alifungua mdomo amwambie, na hakuwa na la kumwambia. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko, na muuza mkaa akakaa kando yake akimshika kwa ile mikono yake, akimchafua shuka, shingo na mashavu. Huko huko ndani ya kilio Fundi akaomba kwa sauti, sala ambayo hakuwahi kuiomba.

"Bwana, nimechoka kuja kwako kukopa siku moja moja kama mtu anayekopa chumvi kwa jirani. Siku zote ni zako. Zichukue. Ulipita kule ukatoka, basi hata mimi nikipita nitakukuta. Sitaki kuishi tena kwa kushika shingo."

Hakuna taa iliyowaka wala mbingu iliyofunguka. Uvimbe ulikuwepo, na ulimuuma mchana kutwa. Lakini yule mgeni wa kitanda alikuwa ameona mizigo yake imetolewa nje, na mtu akishaona mizigo yake nje huwa hakai sana.

"Binti," Fundi aliita alipojifuta uso. "Niletee zipu. Ile ndefu. Na mkasi."

"Ya nini, mama?"

"Nguo hii haina mgongo. Mtu aliye hai anataka mgongo. Na unikatie vipande viwili vya kuongeza ubavuni."

"Imekutosha, mama. Umeipima mwenyewe."

"Nilipima nikiwa sina akili. Nitanenepa."

Walishona pamoja, mmoja akikanyaga, mwingine akivuta kitambaa. Alama za vidole vya muuza mkaa walijaribu kuzifua kwa sabuni, zikapauka, zikakataa kutoka. Fundi alisema waziache, nguo ya mtu mzima ina haki ya kuchafuka. Mwashi aliporudi alikuta nyuma ya mlango kuna nguo yenye zipu. Aliipandisha zipu, akaishusha, akaipandisha tena, kama mtoto aliyepewa kitu kipya. Siku hiyo hakulala kwenye kochi.

Jumapili Wifi alikuwa mlangoni pa kanisa na utepe wake begani. Alipomwona Fundi anakuja, mkono mmoja kwa mumewe na mwingine kwa binti, amevaa nyeupe, tabasamu lilimjia; halafu alitambua ni nyeupe gani.

"Wifi! Hiyo siyo ile..."

"Ndiyo yenyewe. Zunguka nyuma uone zipu."

"Utatuletea mkosi, jamani! Nguo ya maiti humu ndani?"

"Mkosi gani, na Mwenye nyumba hii alishatoka kaburini? Nionyeshe kiti, wifi. Ndiyo kazi yako."

Wakati wa shuhuda ulipofika, Fundi alinyoosha mkono, na watu wakashangilia kabla hajasema neno, maana walijua mgonjwa akisimama ni kwamba amepona. Aliwasubiri wanyamaze.

"Sijapona," alisema. "Uvimbe upo, nimekuja nao. Mmeniombea, na nawashukuru. Kuna walioniambia haujayeyuka kwa sababu imani yangu ndogo. Nimejichunguza. Ni kweli, ni ndogo. Lakini aliyenishika si mdogo. Nguo hii mnayoiona niliishona nizikiwe. Nimeiziba mgongo kwa sababu nilikuwa nimeshajizika mwenyewe kabla ya wakati, nikawazika na watu wangu. Nimemwambia daktari nimekubali, na kesho naingia kupasuliwa. Nikitoka, nyinyi mliochukua vitambaa vyenu mtavirudisha, na bei imepanda." Wakacheka, kwanza kwa woga. "Nisipotoka, msije kwangu na sauti za chini. Imbeni mpaka bati litetemeke. Kifo kilikuwa kinanifanya mtumwa, kinaniamsha, kinanilaza. Sasa nimemjua bwana wake, na ndiye Bwana wangu. Mimi si mtumwa wa kifo tena. Na cherehani ni ya binti yangu, nimeshaitia mafuta."

Hapo kicheko kikawa cha kweli, mpaka kwa wazee wa kanisa. Wifi hakucheka. Baada ya ibada alimfuata Fundi nje, utepe umemkaa upande.

"Wifi, nisamehe," alisema, na sauti ilikuwa ya juu, ya kawaida. "Mimi ninaogopa sana kufa. Ndiyo maana nasema sana."

"Ninajua," Fundi akasema. "Kesho twende wote. Utanibebea mkoba."

Hospitali walimpa nguo ya kijani. Aliikunjua juu ya kitanda, akaona ilivyoshonwa: mikono mifupi, mbele kamili, nyuma wazi mpaka chini, kamba mbili. Mle ndani, nyuma ya milango miwili mipana, ndimo alimoingia dada yake. Yule mgeni alisimama tena mlangoni na mkoba wake mdogo, kama mtu aliyesahau kitu. Fundi alimwona. Hakumkaribisha ndani.

"Nani alishona hii?" alimuuliza muuguzi.

"Ni ya hospitali, mama."

"Mshono wa begani umepinda. Nikitoka nitawafundisha."

Muuguzi alicheka, akatoka kumwita daktari. Mwashi alimsaidia kuvaa, akasimama nyuma yake na zile kamba mbili kwenye vidole vyake vigumu vya saruji.

"Nikaze?"

"Usikaze sana. Siendi kukaa nayo."

Daktari alikuja na miwani yake, nyuma yake mhudumu wa kitanda cha magurudumu. "Tuko tayari, mama? Unaogopa?"

"Sindano naogopa. Hicho kingine tumeshamalizana." Akakitazama kile kitanda. "Hiki mkirudishe. Dada yangu aliingia humu kwa miguu, na mimi nitaingia kwa miguu."

Daktari alifikiri kidogo, akaashiria kitanda kisogezwe pembeni.

Binti alikuwa amesimama ukutani, amekumbatia ile nguo nyeupe kwa mikono miwili, ile alama ya vidole vitano ikiwa juu kifuani mwake. "Mama, hii niifanyeje?"

"Ipige pasi. Nikitoka naivaa Jumapili." Fundi alimshika kidevu, akamwinua uso mpaka macho yakakutana. "Na nisipotoka, nivisheni hiyo hiyo. Na asithubutu mtu kuufumua mgongo. Mtahangaika kunivisha. Hangaikeni."

Kisha akaigeukia ile milango mipana na kwenda, mgongo wazi mbele ya korido nzima, bila kuushika kwa nyuma. Wifi, mkoba begani, alikuwa wa kwanza kuanza kuimba, na hakuimba kwa sauti ya chini.